Milamula ya Kishanda

Kodi ya vyumba viwili pale Bilele, mjini Bukoba, ilipopanda tena, Onesphory, fundi wa kuchomelea, alimchukua mkewe Alistidia na watoto wakahamia Kishanda, kwenye kibanja alichoachiwa na baba yake. Huko nyumba ni yao na ndizi ziko mlangoni. Kazi ilibaki Bukoba. Alitoka kwa pikipiki kabla hakujapambazuka, akarudi giza limeingia, mgongo umekufa ganzi. Watoto walimjua kwa muungurumo.

Kwa hiyo hakuwepo mchana ule Alistidia, mzaliwa wa mjini, alipong'oa safu ya milamula pembeni mwa migomba apate miti ya uzio wa kuku. Aliiona ni vichaka tu. Hakujua kwamba ndiyo mpaka, aliopanda marehemu mkwewe kati ya wanawe wawili, na kwamba anayeung'oa ametangaza vita.

Byabato, kaka yake Onesphory, alijua. Jumamosi alikuja na muhoro, kisu kile kilichopinda cha kupogolea, akaanza kufyeka migomba ya mdogo wake. Onesphory alipofika, siku hiyo mapema, mikungu michanga ilikuwa imelala matopeni, ikivuja utomvu.

"Kaka, acha. Mke wangu hakujua."

"Hakujua. Na wewe ulikuwa mjini, hukuona. Mmejipanga vizuri."

"Tutaipanda upya."

"Rudini Bilele mkapange. Huku hatuna wapangaji."

Akauinua muhoro juu ya mgomba wa mlangoni. Onesphory akamrukia, akamvunja pua kwa kichwa. Waliviringika juu ya maganda, wakikabana na kung'atana. Alistidia alimtwanga shemeji yake mgongoni kwa mchi, akamtwanga tena. Muhoro ukashuka mara moja. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto wa Onesphory vilibaki kwenye majani makavu, na kuku wakavikimbilia.

Wazee wa ukoo walikaa, wakaamua. Byabato akachimba mashimo, Alistidia akapanda milamula, hakuna aliyemtazama mwenzake. Kibanja kikabaki cha Onesphory na mkewe.

Bandeji ilipotolewa, Onesphory alikwenda kuketi juu ya pikipiki. Mkono wa kushoto ukatafuta klachi, ukateleza. Akajaribu tena. Barabarani wenzake walikuwa wakipita kuelekea Bukoba.

"Ningekuwa nashinda hapa," alimwambia mkewe, "ningekuonyesha mpaka."

"Sasa utashinda hapa," Alistidia akasema, akaenda kuwafungulia kuku.