Kompyuta Ilinishitaki, Nikakataa Kukiri

Kompyuta iliwahi kunisingizia mbele ya watu kumi na mmoja.

Sitanii.

Ilikuwa jioni ya mtihani wa ufundi. Mwalimu alikuwa amewasha mashine zote kabla hatujaingia, lakini yangu niliikuta imezimika. Nilipoketi nikarudisha mguu haraka: chini ya meza kulikuwa na birika la umeme, bado la moto.

Nikabonyeza kitufe. Skrini ikaja nyeusi, na maandishi meupe yakasema kwamba kasi ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, imeongezwa na kompyuta imeshindwa kuwaka.

Mwalimu akaja na kikombe chake cha chai, akasoma.

"Mama Ufagio! Umeilazimisha prosesa ikimbie kuliko kasi ya kiwandani?"

Wananiita hivyo kwa sababu mchana nafagia ofisi. Nina miaka hamsini na mmoja. Bosi aliniahidi: lete cheti, uache ufagio, uingie chumba cha kompyuta.

"Mwalimu, nimegusa kitufe tu."

"Mashine haidanganyi. Kiri, uombe radhi, urudi mwakani. Ukibisha, nakufuta kabisa."

Jirani yangu, kinyozi, akaninong'oneza: "Dada, kiri tu yaishe."

Yaishe? Kwake yangeisha. Mimi yangenifuata mpaka kwenye ufagio.

Nikafumba macho, nikanong'ona. Ee Mungu, nipe ulimi mtulivu.

"Maombi hayatengenezi kompyuta," Mwalimu akacheka.

"Hayatengenezi, ila yananizuia nisikujibu vibaya."

Darasa likaguna. Nikaingia kwenye mipangilio ya mashine.

"Soma, Mwalimu. Ulitufundisha mwenyewe. Madabodi, ule ubao mkuu, huiuliza prosesa kasi yake ya kiwandani, kisha inalinganisha na kasi iliyowekwa. Ya kiwandani hii. Iliyowekwa hii. Mapacha!"

Akainama. Akasoma mara mbili.

"Basi mbona inalalamika?"

Jibu nilikuwa nalo daftarini, nimelipigia mstari.

"Madabodi za aina hii zikianza kuwaka huweka alama. Zikimaliza salama huifuta. Zikikuta alama haijafutwa, haziulizi nani wala vipi. Zinakisia tu kwamba mtu aliongeza kasi, mashine ikashindwa."

"Hadithi hizo."

"Niazime kompyuta yako. Ni ya aina hii hii."

Hata kinyozi aliacha kutafuna kalamu.

Akanipisha. Nikaizima, nikaiwasha, na kabla haijaamka vizuri nikachomoa waya wa umeme. Nikaurudisha. Nikabonyeza kitufe.

Maandishi meupe. Yale yale, neno kwa neno.

"Haya, Mwalimu. Na wewe umeilazimisha? Kiri tu yaishe."

Darasa lilivunjika kwa kicheko. Kinyozi alipiga meza mpaka kalamu zikaanguka.

Mwalimu hakucheka. "Sawa. Lakini ya kwako nani aliichomoa ikiwa inawaka?"

Niliinama chini ya meza, nikalitoa birika, nikaliweka mbele yake taratibu. Bado lilikuwa na uvuguvugu. Soketi chini ya meza yangu ilikuwa moja tu: anayechemsha chai lazima aichomoe kompyuta kwanza, kisha airudishe.

Akatazama birika. Akatazama kikombe chake. Chai ikapoa mkononi.

"Kaa, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Endelea na mtihani."

"Na dakika zangu ulizonipotezea?"

Akaniongezea ishirini.

Nilifaulu. Leo naingia ofisi ile ile kwa mlango ule ule, ila mkononi nina bisibisi.

Ndugu yangu unayesoma hapa, anayekushitaki si lazima awe na chuki. Wakati mwingine ameona alama tu, akajaza yaliyobaki kwa kukisia. Mnyenyekee Mungu wako kila siku. Lakini usikiri usilotenda ili watu wakamalizie chai yao kwa amani.