Filamu Iliyoishia kwenye Sufuria

Habari hii kila nikiisimulia hasira hunipanda kabla sijafika hata katikati, kwa hiyo mnivumilie.

Dada yangu ni mpishi. Si mwigizaji, si msanii, wala si nyota wa kitu chochote. Ana kibanda cha bati kando ya barabara, mkabala na ukumbi wa video, chenye meza tatu, mabenchi sita na jiko la mkaa lililofungwa waya mahali lilipopasuka. Anapika wali, maharage na chai, basi. Mtaa mzima ulikuwa ukimwita Chapchap, kwa sababu ukikaa tu kwenye benchi sahani imeshafika, hujapumua vizuri. Mama yetu alipofariki ni yeye aliyenilea, na shule nimesomeshwa na sufuria ile ile. Mdomo anao. Ukimwambia maharage yamezidi chumvi atakwambia nenda ukale kwenu, na kesho yake utarudi mwenyewe bila kuitwa.

Mimi ni mhariri wa filamu. Nakaa kwenye chumba chenye feni mbovu, naletewa vipande vilivyopigwa ovyo ovyo, mwisho kabla ya mwanzo, msiba kabla ya harusi, nami naviunga mpaka viwe hadithi. Mtu wa kwanza kuiona filamu nzima ni mimi. Kwa hiyo nikisema najua ilivyokuwa, najua.

Filamu yenyewe ilipigwa kwenye nyumba ya kupanga yenye ua mkubwa, na dada alikodiwa kuwalisha watu wa kamera na waigizaji. Siku ya tatu mwigizaji mkuu hakutokea. Simu imezimwa, nyumbani hayupo, ameingia mitini. Mwongozaji alizunguka uani mikono kichwani, akamkuta dada anakoroga sufuria huku akimfokea fundi wa taa aliyetaka kuongezwa kabla wenzake hawajala. Akasimama pale akamtazama kwa muda mrefu, kisha akawageukia wenzake akasema, "Huyu." Dada alicheka mpaka akakaa chini. Akakubali kwa sharti moja, kwamba maharage yake yasiungue wakati yeye anaigiza.

Aliigiza mkamwana anayechukiwa na ukoo wa mumewe. Mama mkwe anaumwa. Katikati ya filamu mkamwana yuko jikoni peke yake, anafungua kikaratasi, anamimina unga kwenye uji, anakoroga, anatazama mlangoni. Mama mkwe anakunywa, kikombe kinamponyoka, anaanguka. Ukitazama mpaka mwisho utajua unga ule ulikuwa dawa ya hospitali, na aliyetia sumu ni shemeji, aliyekuwa akiitamani nyumba. Mwisho ukoo mzima unapiga magoti uani kumwomba mkamwana radhi, naye anaendelea kuchambua mchele kama hawaoni. Ile ya kuchambua mchele haikuandikwa popote. Dada aliambiwa asimame awasamehe, akasema mwanamke aliyetendewa vile hasimami haraka hivyo, akavuta ungo wake. Mwongozaji akaiacha kamera iendelee. Nilipoiunga sehemu hiyo nililia peke yangu chumbani, na mimi si mtu wa kulia hovyo.

Basi ikaenda kwa msambazaji.

Huku kwetu filamu haimfikii mtazamaji bila kupitia kwake. Wewe umekopa kamera, umelala njaa, umegombana na mkeo, lakini mwenye mashine ya kuchapa diski, mwenye magari ya kupeleka mikoani na mwenye kujuana na kila duka ni mtu mmoja tu, mwenye tumbo na kalamu ya dhahabu. Akasema anataka mambo mawili. La kwanza, kwenye jalada akae nyota anayejulikana. Nyota huyo kwenye filamu ni muuguzi anayesema subirini nje, kisha haonekani tena, lakini uso wake ukajaa jalada zima na dada yangu hakuwepo hata kwa kisigino. La pili, filamu ikatwe vipande viwili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, ili mtu mmoja anunue mara mbili. Ndiyo kawaida yake. Mwongozaji alibisha siku mbili, ya tatu akatia saini, maana mlango mwingine haukuwepo.

Aliyeitwa kutafuta pa kukata ni mimi.

Msambazaji aliniambia nitafute mahali ambapo mtu atabaki na donge rohoni, asilale mpaka anunue ya pili. Nilipapata siku ile ile. Uso wa dada mlangoni, mkono kwenye mwiko, kikombe kinaanguka, giza, halafu maandishi: Sehemu ya pili inakuja. Alipoiona akapiga makofi. Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikavimba kichwa. Nilitembea mpaka nyumbani najisifu njia nzima.

Diski ikatoka. Wiki haijaisha, wezi wakaidurufu. Ikaingia kwenye simu, kwenye mabasi ya safari ndefu, saluni, gereji, mpaka kwenye foleni za hospitali watu walikuwa wakiitazama. Msambazaji kuona hivyo akasema soko limeharibika, sehemu ya pili haichapi. Akaifungia kabatini, akageukia filamu nyingine. Yeye pesa yake alishairudisha. Sisi tukabaki na nchi nzima iliyomwona dada yangu akitia unga kwenye sufuria, na hakuna hata mmoja aliyeona kilichofuata.

Mwanzoni ulikuwa mzaha. Fundi viatu wa jirani, aliyekula kwa dada kila siku ya Mungu, alisogeza sahani yake akamwambia, "Onja wewe kwanza." Watu wakaangua kicheko, dada naye akacheka, akachota kijiko akaonja. Kesho yake akasema hivyo hivyo. Kesho kutwa akasema mwingine, na huyo hakuwa anacheka. Haukupita mwezi dada akawa haiuzi sahani bila kuionja mbele ya mteja. Mwanamke mzima, mwenye mvi zake, anasimama kwenye kibanda chake mwenyewe akionja wali kama mtuhumiwa. Jina la Chapchap likafa. Wakamwita Mama Sumu.

Kila nilipokwenda kumsaidia nilikuta sufuria imejaa mpaka juu na mabenchi matupu. Sisi wawili tulikula maharage yale asubuhi na jioni mpaka nikayachukia. Nilikuwa nawaambia watu jamani, ile ni filamu, yule alikuwa anaigiza. Wananijibu wanajua kwamba ni filamu. Kisha wanavuka barabara kwenda kula kwingine. Hivi mtu unamjibu nini mtu kama huyo?

Siku moja tu dada aliniuliza. Alikuwa anasugua sufuria, hakuinua uso. "Nani alikata pale?"

Nikamjibu kwamba ni msambazaji. Neno lilinitoka haraka kuliko pumzi. Akaitikia kwa kichwa akaendelea kusugua, nami nikabaki na uongo wangu shingoni.

Kilichonivunja uvumilivu ni Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili, ambaye dada alimpikia arobaini nzima alipojifungua wale pacha wake. Mumewe aliamka tumbo limemchafuka. Mtaa mzima ulikuwa umemwona jana yake akinywa pombe tangu asubuhi, lakini alikuwa amepita kwa dada akala wali. Mama Pacha alikuja na wanawake wanne nyuma yake. Hakuuliza kitu. Alishika sufuria kwa kanga yake akaimwaga barabarani, maharage yote, akaondoka. Dada hakusema hata neno, yeye na mdomo wake ule. Alichukua ufagio akaanza kufagia. Ndipo nilipojua kwamba mambo yakiachwa hivi, kibanda kitafungwa na dada yangu atakwisha.

Nilikwenda kwa msambazaji damu ikinichemka. Nilimweleza yote, nikamwomba aichape sehemu ya pili, hata diski mia tu, hata za mtaa wetu peke yake. Alinisikiliza huku akichokonoa meno. Akanikumbusha kwamba nami nilitia saini mkataba wake, kwamba nikiionyesha nakala popote atanipeleka mahakamani na hakuna atakayenipa kazi tena. Halafu akatabasamu.

"Dada yako ana bahati," akasema. "Waigizaji wengi wanakufa bila kuaminiwa namna hii."

Hana haya, hana soni. Nilitoka mle upesi, maana ningebaki dakika moja zaidi ningemrushia zile diski zake rafu kwa rafu.

Nakala nilikuwa nayo. Mhariri gani asiyekuwa na nakala? Nilinyoosha moja kwa moja mpaka ukumbi wa video nikamkabidhi mwenye ukumbi. Aliuliza kuhusu mkataba, nikamwambia mkataba ni wangu na shingo ni yangu. Kwa msambazaji yule sijafanya kazi tena mpaka leo, na wala simkumbuki ila ninapotaka kutukana. Mwenye ukumbi akaandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni: Jumapili, saa nane mchana, SEHEMU YA PILI.

Watu walijaa mpaka wakakalia madirisha. Mama Pacha alikuja na mumewe, fundi viatu alikuja na kigoda chake. Dada nilimbembeleza akakataa katakata. Alisema yeye anajua ilivyoisha, alikuwepo. Nilimwacha kibandani anawasha mkaa, na nikaona ameitoa sufuria kubwa, ile ambayo hakuwa ameigusa kwa miezi.

Nilisimama nyuma ya ukumbi nikiwatazama wao, si filamu. Walipoiona dawa ya hospitali walinung'unika. Shemeji alipokamatwa walishangilia, mtu akarusha kofia. Na ukoo ulipopiga magoti uani, dada akachambua mchele wake chembe kwa chembe bila kuinua macho, aliyerusha kofia akaiokota akaishikilia kifuani. Mama Pacha alikuwa analia kwa kwikwi, kanga mdomoni, kanga ile ile. Nikajisemea imetosha, sasa wameelewa, roho yangu ikatua.

Walitoka wakavuka barabara kundi zima, wakaenda moja kwa moja kibandani. Nami nikajichomeka katikati yao. Dada alikuwa amesimama nyuma ya sufuria, mvuke unapanda, sahani zimepangwa. Mama Pacha ndiye aliyetangulia, macho bado mekundu. Akamshika dada mkono, akasema kwa upole kabisa, "Jirani, yameisha. Sisi tumekusamehe."

Naapa nilisikia mwenyewe kwa masikio yangu. Wamemsamehe. Na nyuma yake watu wanaitikia kwa vichwa, fundi viatu anatabasamu, wengine wameshakaa kwenye mabenchi wanasubiri chakula chao kama zamani. Nilitaka kuifanyia ile sufuria alichoifanyia Mama Pacha, lakini juu ya vichwa vyao.

Dada alitoa mkono wake taratibu. Akachukua sahani, akajipakulia wali, akamwagia maharage, akaanza kula amesimama. Hakuonja, alikula. Kijiko baada ya kijiko, mbele yao, bila haraka, mpaka sahani ikawa nyeupe. Wale waliokaa wakasimama mmoja mmoja, wakajipanga foleni bila kuambiwa.

"Nimeonja," akasema. "Mle ndani mmelia, nimewasikia. Lakini aliyemwagiwa chakula ni mimi, si yule wa kwenye filamu. Leo siuzi kwa pesa. Anayetaka kula aje hapa mbele aseme alichonikosea mimi."

Hakuna aliyesogea. Mama Pacha alitazama miguu yake. Fundi viatu ghafla akawa na shughuli na kigoda. Hasira yangu ilifika juu kabisa, nikafungua mdomo niwaambie wote walivyo, waongo, waoga, na hapo neno lile la mwisho likanirudia mwenyewe. Mwoga mkubwa kuliko wote pale alikuwa nani?

Nikawapenya watu nikasimama mbele ya sufuria.

"Dada," nikasema, "pale nilikata mimi."

Nilitegemea kupigwa mwiko.

"Nilijua," akasema. "Yule mwenye tumbo hajui hata kuwasha kompyuta. Nilikuwa nangoja uniambie."

Akapakua sahani, akaijaza kama alivyokuwa akinijazia nilipokuwa natoka shule, akanipa mkononi. Nilipotafuta pa kukaa, yeye alikuwa ameshanyoosha shingo kutazama nyuma yangu, mwiko juu.

"Anayefuata," akasema.