Jiwe la Lango na Kuku Wangu

Mtafiti alikuja hapa kijijini Kate kuandika historia ya boma la kale. Nilimwonyesha handaki, nikamtajia walinzi wote wa lango, kama babu alivyonitajia.

"Na jiwe lenye tundu, lililoshika nguzo ya lango, liko wapi?" akauliza.

"Aliliiba jirani yangu Leokadia," nikasema. Akaandika.

Kumbe Leokadia yuko uani, anasikia. "Dada Felista, si tulilibeba wote tukalileta kwako? Hao kuku wako wananywea wapi?"

Nikageuka. Kuku walikuwa wanakunywa tunduni. Majina ya marehemu ninayo yote kichwani, jiwe la uani kwangu nimelisahau.

Nikajua nafungwa kwa wizi. Mtafiti akacheka, akafuta jina la Leokadia, akaandika langu: mtunzaji wa jiwe.

"Ila kuku, bibi, watafutie chombo kingine."