Siku Kumi na Tano za Kucha za Mwanafatuma

Mwanafatuma wa Msambweni ana miaka hamsini na mitatu, na kumi kati ya hiyo hajapata kuikubali hata siku moja. Ukimuuliza atakwambia arobaini na mitatu, tena kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kana kwamba hata hiyo amesingiziwa. Kifunguamimba wake ana miaka thelathini na minne. Hesabu hiyo hata aliyeishia darasa la nne anaiweza, na Msambweni nzima imeshaipiga zamani, ila watu wana adabu zao. Wanamwachia.

Kazi yake ni mahamri, na kwa mahamri hana mpinzani kutoka kwake mpaka Ukunda. Lakini miaka ishirini na tano ya kukanda unga, kuosha masufuria na kuchochea kuni ilikuwa imemaliza kucha zake. Zilikuwa nyembamba, zinameguka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu, na ile ya dole gumba ilikuwa na mistari mistari kama bati la paa. Hakuwahi kuzitizama mara mbili mpaka Matano alipoleta salamu za posa.

Matano alikuwa mkuu wa walinzi katika hoteli moja ya Diani, sasa amestaafu. Mgane, mtaratibu, wa miaka hamsini na minane kwa kauli yake, ana ndevu nyeusi ti kama buti la askari siku ya gwaride, ingawa vinyweleo vya masikioni mwake ni vyeupe pe. Mwanafatuma alikuwa mjane mwaka wa sita huo. Alikuwa amechoka kunywa chai peke yake huku akijibizana na redio. Aliitaka posa hii kwa roho yake yote, na tusidanganyane, angeitaka hata kama ndevu zingekuwa za kijani.

Ila Matano si mtu wa kukurupuka. Alisema atamtuma dada yake Mwanaima, anayeishi Vanga, aje kwanza. Mwanaima alikuja kwa jina la goti, kwamba lataka kuangaliwa hospitalini, na nyumba ya Mwanafatuma iko karibu. Lakini kila mtu alijua goti lile limekuja kupima mwanamke. Ripoti ya goti ndiyo itakayoamua kama kuna ndoa au hakuna.

Hapo ndipo Mwanafatuma alipopata akili yake kubwa. Pande hizi, mwanamke anayesali hapaki rangi ya kucha ovyo ovyo, kwa kuwa maji ya udhu hayapenyi. Hupaka zikimjia siku zake, maana siku hizo hasali. Kwa hivyo mwanamke mwenye kucha nyekundu huwa amekwisha kusema jambo bila kufungua mdomo, na wanawake wote barazani wamelisikia. Mwanafatuma alikuwa amekatikiwa, siku hazimjii tena, tangu mwaka juzi. Akasema moyoni, Mwanaima akizikuta kucha zina rangi, umri hatauliza tena. Siku tano nitapaka, ya sita nitafuta, nitatawadha, nitasali mbele yake. Arobaini na mitatu imethibitika.

Akapanda gari mpaka Ukunda, kwa Beryl, binti wa Siaya mwenye kibanda cha kucha nyuma ya soko. Beryl akamshika mkono, akaugeuza huku na huku kama mtu anayenunua samaki.

"Shikamoo, mama. Kucha zako zimekauka sana. Umri ukienda zinakuwa hivi, hata za mamangu. Nikukatie fupi, duara la yai, tuweke rangi ya maji ya waridi. Vidole vitaonekana virefu. Halafu uwe unapaka mafuta ya nazi hapa kwenye mzizi, na ukiosha vyombo uvae glavu."

"Umri gani umeniona nao?"

"Nimesema umri wa kucha, mama."

"Mimi nataka ndefu. Nyekundu, ile ya kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara."

"Ndefu na nyekundu itavuta macho kwa mishipa ya mkono. Itakuzeesha, mimi nakuambia ukweli."

"Mwanangu, wewe umezaliwa juzi. Mimi nilikuwa najipamba mamako akiwa anatambaa." Hapo alijiongezea miaka bila kujua, na Beryl akaanza kutafuta chupa ya nyekundu. "Na unitilie ya kukaa imara. Nakanda unga mimi. Isibanduke."

Maskini, neno hilo moja ndilo lililomfunga. Beryl alisikia isibanduke, akambandika za jeli, akazikausha kwa taa, safu juu ya safu. Alipomaliza akasema, "Hizi usizivute mwenyewe hata zikikukera, zitatoka na ukucha wako. Mimi naenda nyumbani kwa mazishi ya shangazi. Urudi baada ya wiki mbili nikutolee." Mwanafatuma hakusikia. Alikuwa anajipungia mkono kwenye kioo.

Mwanaima alifika kesho yake, mama wa miaka sitini, goti limefungwa kitambaa, macho yakiwa mazima kabisa. Mwanafatuma alimpigia shikamoo nyepesi ya kisichana.

"Marahaba, bibi," akasema Mwanaima. Macho yakashuka kwenye kucha, yakatulia hapo, yakapanda tena. Adhuhuri ilipoadhiniwa akatandika msala, akamtizama mwenyeji wake ambaye hakuondoka kitini. "Ah," akasema. "Haya." Mwanafatuma nusura acheke kwa furaha.

Siku tano zilikwenda kwa raha. Ya sita aliingia chooni na chupa yake ya dawa ya kutolea rangi. Akasugua mpaka mkono ukafa ganzi. Rangi haikutoka, ilizidi kung'aa. Ya saba akajaribu kisu cha vitunguu. Ya nane akavuta ukucha wa kidole kidogo kwa meno, ukaja na ngozi yake, akalia kimya ndani ya taulo. Kumpigia Beryl hakuweza, namba hakuichukua. Kutoka kwenda kutafuta kibanda kingine nako mgeni hakumpa nafasi, kila akivaa buibui Mwanaima alikuwa keshavaa lake. "Nitakusindikiza, goti linataka kunyooshwa."

Na unga. Hebu fikiria kukanda unga wa mahamri na makoleo kumi. Wateja walianza kukuta vipande vyekundu ndani ya mahamri. Mmoja akauliza kama siku hizi anatia pilipili.

Lakini lililomchoma zaidi ni adhana. Hakuwa amekosa sala kwa uzembe tangu usichana wake. Sasa kila ikiadhiniwa alijifanya anatafuta kitu uvunguni mwa kitanda, na huko uvunguni aliomba msamaha, akiwa na vumbi puani.

Siku ya tisa Mwanaima aliweka kikombe cha majani ya kuchemsha mbele yake. "Kunywa, bibi. Zimezidi." Ya kumi na moja akauliza kama kwao kuna maradhi ya damu. Ya kumi na tatu Mwanafatuma akamkuta akizungumza kwenye simu kwa sauti ya chini, na neno alilolisikia lilikuwa "mgonjwa."

Siku ya kumi na tano, baada ya alasiri, Mwanaima alimketisha mkekani.

"Leo ni kumi na tano," akasema. "Ikipita leo, kisheria si hedhi tena, ni istihadha, damu ya ugonjwa tu. Na mwenye istihadha huoga, hutawadha, husali. Kwa hivyo kesho alfajiri tutasali sote. Hizo rangi utazitoa."

Mwanafatuma alizitizama kucha zake. Zilikuwa zimeanza kuinuka mzizini, na chini yake kumechomoza ukanda mweupe wa ukucha wa kweli.

"Na jambo la pili," Mwanaima akaendelea, "nikwambie mapema usije ukasikia njiani. Ndugu yangu anarudi nyuma."

"Kwa sababu ya ugonjwa?"

"Ugonjwa hutibiwa. Matano ana watoto tisa. Amebembeleza, ametembeza, amepepea homa. Siku ya kwanza tu nilimwambia, huyu bado ana siku zake. Tangu hapo halali. Anasema, dada, mimi nilitaka mtu wa kunywa naye chai. Mtoto wa kumi akinililia ndani ya nyumba nitahamia msikitini."

Mwanafatuma alikuwa na nafasi moja tu, na ilimtaka atoe kitu alichokificha miaka kumi.

"Hamsini na mitatu," akasema.

"Nini hiyo?"

"Miaka yangu. Na nimekatikiwa tangu mwaka juzi. Hizi ni jeli, zimekwama. Nilitaka mnione kijana."

Mwanaima akaanza kutikisika mabega, na goti lile lililouma wiki mbili likawa linapigwapigwa na kiganja chake mwenyewe kwa kicheko. Alipopata pumzi akajifuta machozi, uso ukarudi wa kweli.

"Sala tano kwa siku kumi na tano. Unajua ni ngapi?"

"Sabini na tano."

"Utazilipa zote, wifi. Nitakaa nikuhesabie."

Alisema wifi. Mwanafatuma alilisikia neno lile kuliko hesabu.

Siku iliyofuata Beryl alikuwa amerudi. Alizilowesha, akazikwangua taratibu kwa tupa, na kilichobaki kilikuwa kucha laini kama karatasi. Akazikata fupi, duara la yai, akapaka mafuta ya nazi. "Si nilikuambia, mama," akasema, na Mwanafatuma kwa mara ya kwanza hakubisha. Aliomba maji tu, akatawadha hapo hapo mlangoni.

Hina ilipakwa nyumbani, kwenye kucha na ncha za vidole tu, nyekundu ya kahawia, isiyozuia maji. Ikabaki nusu bakuli. Mwanaima akaifunika, akasema anajua pa kuipeleka.

Ijumaa Matano alikuja mwenyewe kuleta jibu. Alivua viatu, akaketi, akapewa chai. Mwanafatuma alimtizama kidevuni, akainamisha uso haraka asicheke. Weusi ulikuwa umetoka wote, ndevu zimekuwa rangi ile ile ya hina ya kucha zake Mwanafatuma.

"Dada amenihoji nami," akasema Matano, akipuliza chai. "Sitini na tisa. Nilikuwa nimekutajia hamsini na minane."