Paa la Udongo

Mwezi uliopita nilikwenda kwetu, upande wa Mtinko, kwenye msiba wa shangazi. Baada ya maziko nikasema nakwenda kunyoosha miguu, nikakata vichaka mpaka mahameni, pale tulipoishi kabla ya kuhamishiwa barabarani. Huwezi kupakosa. Uzio wa minyaa bado upo, umerefuka na kunenepa, umezunguka mahali pasipo na mtu. Ndani yake kuna vifusi vya udongo mwekundu, na kila kifusi kilikuwa nyumba ya mtu. Vingine nilivipita tu. Mbele ya kimoja nilisimama.

Nikueleze kwanza nyumba zetu, maana kama umekulia chini ya bati hutanielewa. Tuliishi kwenye tembe. Kuta zilikuwa za miti na udongo, na paa lilikuwa bapa: magogo, juu yake fito, juu yake udongo uliokandamizwa. Paa hilo ndilo lilikuwa uwanja wetu. Tulianika mtama huko, tukafukuza ndege, tukakaa ukingoni tukitafuna karanga mbichi huku miguu inaning'inia. Ndani, moto ulikuwa hauzimiki. Moshi ulitutoa machozi miaka yote, lakini uliyapaka magogo weusi wa kung'aa, na mchwa hawakuyagusa. Hilo hakuna aliyetufundisha. Nadhani hata wazee hawakuwahi kulifikiria, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona nyumba ikikaa bila moto.

Rafiki yangu alikuwa msichana wa rika langu. Bibi yangu alimwita Kima, kwa jinsi alivyopenda kupanda, na sisi sote tukalishika jina hilo. Alipanda majabali ambayo wavulana waliyazunguka kwa chini. Alitia mkono kwenye pango la nyuki akatoka na sega, uso umevimba, anacheka. Aliruka kutoka paa la kwao hadi la jirani, na udongo ukapukutika kwenye sufuria ya mlenda ya watu. Fimbo za mama yake zilikatika bure. Bibi yangu akimwona juu alitikisa kichwa na kusema, "Huyu mtoto atakuja kututoa machozi." Tulicheka. Bibi alikuwa na tabia ya kutabiri mabaya. Hata ugali ukiungua aliona ishara.

Kiangazi kimoja tukaambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa. Lori lilikuja asubuhi, na mgambo wakiwa wamesimama nyuma. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita mlango hadi mlango, sauti imemkauka. "Jamani, chukueni mnachoweza. Vingine mtavifuata."

Jirani yetu alikuwa mjane mzee. Yeye hakuamini kabisa kwamba tunahama. Aliufukia moto wake kwa majivu, kama anayekwenda mnadani na kurudi jioni, akaegesha mlango. Juu ya meko aliacha kibuyu cha mbegu kikining'inia kwenye gogo, mahali pake pa siku zote, ambapo moshi uliwazuia wadudu. "Nitarudi kabla ya mvua," alimwambia bibi yangu wakiwa juu ya lori. Bibi aligeuza uso akatazama mapaa yetu yakibaki nyuma, kwa mara ya kwanza hayatoi moshi.

Kule barabarani tulijenga kwa mstari. Mavuno yalikuwa yametupa mkono, njaa ikaingia, tukala unga wa njano wa msaada mpaka watoto wakaota vidonda mdomoni. Watu walikula hata mbegu zao. Mawingu yalipoanza kukusanyika, mbegu ya mtama wetu mfupi, ule unaowahi kuiva, ilikuwa imebaki kwenye kile kibuyu cha mjane tu, kule ambako hakuna aliyetaka kukanyaga. Mahameni tuliogopa fisi. Tuliogopa swila na marehemu tuliowaacha makaburini. Paa hakuna aliyeliogopa.

Mvua ilinyesha mfululizo, ile ya kimya inayoingia taratibu ardhini. Mchana mmoja ilipopumzika kidogo, mjane alikuja kuniomba nimsindikize. Kima hakuombwa, alikuja tu.

"Subiri ardhi ikauke, mwenzangu," bibi yangu alisema.

"Nikisubiri nitapanda nini?"

Bibi alisimama mlangoni akitutazama mpaka tulipokata kona, na mimi nikageuka mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Kule kulikuwa kimya kibaya. Majani yalikuwa yameota juu ya mapaa. Nyumba moja ilikuwa imelala upande, tukadhani mgambo waliivunja. Kima, kwa mazoea, alirukia juu ya paa la mjane. Sekunde hiyo hiyo akashuka. Sikuwahi kumwona akishuka kutoka juu ya kitu bila kuitwa.

"Limekuwa laini," alisema, akifuta miguu kwenye nyasi. Halafu akamgeukia mjane. "Bibi, wewe kaa hapa nje. Naingia mimi."

Aliinama akaingia. Nikamsikia akikohoa, akipanda nguzo, kisha mkono wake ukatokeza mlangoni na kibuyu. Nilikipokea. Kilikuwa cheusi kwa masizi, na mbegu zilicheza ndani. Tungeondoka hapo, mambo yangeishia hapo.

Lakini mjane alikuwa ameshainama na kuingia. "Nichukue na mafiga yangu," alisema. "Mama mkwe alinikabidhi siku niliyoingia nyumba hii." Kwetu mwanamke hakuyaacha mawe ya meko yake ya kwanza. Hata bibi yangu aliyabeba ya kwake mapajani kwenye lori.

"Bibi, yaache, tutayafuata siku nyingine!" Kima alimwambia kutoka ndani. Mjane alikuwa ameshaanza kuchimbua kwa fimbo.

Ndipo nikasikia ile sauti. Haikuwa ya mti kuvunjika. Ilikuwa kama mtu anayetafuna karanga taratibu, juu, ndani ya paa. Udongo ukaanza kuchuruzika mlangoni.

"Bibi, toka!" Kima alipiga kelele.

Mjane alitoka kama aliyerushwa, akaniangukia miguuni. Nyuma yake paa likakaa chini. Nakwambia hivyo kwa sababu sijui neno jingine. Lilikaa, likatoa pumzi nzito, basi. Niliita jina la Kima mpaka koo likapasuka, na mjane akawa anafukua matope kwa kucha.

Nilikimbia barabarani kuwaita wanaume. Walifukua kwa majembe, na walipompata alikuwa ameshakwenda. Balozi alishika gogo moja lililoanguka. Kwa nje lilikuwa jeusi, zuri, kama zamani. Alilivunja kwa mikono mitupu. Ndani mchwa walikuwa wamelijaza udongo. Mzee yule alikaa kwenye matope akalia mbele yetu. "Nyumba ilikosa moto," alisema. "Ilikosa moto tu."

Baada ya maziko mjane alikipeleka kibuyu kwa mama yake Kima, akakiweka kizingitini. Mama yule alikichukua bila kumtazama. Akapanda mbegu yote mwenyewe, mvua ikimnyeshea, na mtama ukaja vizuri kuliko wa mwaka wowote ninaoukumbuka. Siku ya kwanza ya mavuno alibeba kikapu mpaka kwa mjane, ambaye tangu siku ile alikuwa hagusi chakula ila kwa kubembelezwa. Akausaga mtama ule, akasonga ugali kwenye chungu palepale. Nilikuwepo.

"Kula," alimwambia. "Mwanangu hakukutoa mle ili ufe njaa."

Mjane alikula akilia, na mama yule alikaa naye mpaka chungu kikaisha.

Mtama ule siku hizi huupati. Mashamba yote ni alizeti, na tembe zimebaki chache za kuhesabika. Wajukuu wangu hawajui paa la kuchezea. Mvua ikinyesha wanaziba masikio na kulalamika kwamba bati linawanyima usingizi. Mimi nikisikia kelele zile ndipo napata usingizi, kwa sababu paa lile la udongo, mvua ikiliingia, lilikuwa halisemi kitu.