Mkono wa Kushoto

Fundi cherehani ninayeshona naye chumba kimoja hupima wateja wake kwa vidole vyepesi, lakini yeye mwenyewe hagusiki. Mafuta yamejikusanya mikononi na mapajani mwake kwa mabonge, na kila bonge linauma ukiligusa tu. Miaka nenda rudi madaktari walimwambia apunguze kula, kana kwamba hajui kufunga mdomo, mpaka mmoja akautambua ugonjwa wenyewe: ni wa nadra, na dawa ya kuuponya hakuna. Wateja hawajui. "Dada, maisha yamekukubali!" wanasema, mkono tayari uko juu kumpiga bega, naye huwahi kuinama chini ya meza kutafuta sindano ambayo haijaanguka.

Juzi aliletewa mama yake, ambaye siku hizi haoni. Bibi akaushika mkono wa kulia wa bintiye, akauminyaminya kuanzia begani hadi kwenye kiganja. "Mwanangu, umenawiri! Nami nilikuwa nahofia huku hushibi." Nikainuka nimzuie. Fundi akanitazama, nikakaa. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni.

"Nashiba, mama," akasema kwa sauti yake ileile ya kila siku, kisha akamsogezea na mkono wa kushoto.