Jembe la Mgeni

Yule Mfini hakuweza kutulia mahali pamoja. Kila alfajiri, kabla jua la Maskati halijaanza kuunguza, alikuwa akijifunga miguuni mbao ndefu zenye magurudumu, anashika fimbo mbili, anajisukuma kwenye barabara ya Bustan kama mtu anayepiga makasia nchi kavu. Kwao Ufini alikuwa bingwa wa mbio za theluji, na hapa theluji asiyoipata aliibadilisha kwa lami. Watu wa kijiji cha pale walidhani ni mwendawazimu aliyetoroka hotelini. Nyuma yake, polepole, taa zikiwaka na kuzima, lilifuata gari letu, na ndani yake dereva wetu Mkenya na chupa za maji.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Mfini alileta mashine za kuvunjia mawe, na baba yangu alitoa jina lake na muhuri wake, kwa sababu mgeni hakuruhusiwa kufanya biashara bila mwenyeji. Ofisi yetu ilikuwa Ruwi, juu ya duka la vitambaa. Mimi, bintiye, nilikuwa karani, nilikuwa mpiga chapa, na zaidi ya yote nilikuwa ulimi wa baba. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Kiarabu alikijua vizuri, lakini kila alipokisema mbele ya watu wa hapa lafudhi ya Unguja ilimtoa, na kuna waliotabasamu. Kwa hiyo mbele ya mgeni alisema Kiswahili chake kwa raha zake, nami nikafasiri.

Baba alizaliwa Unguja. Baada ya mapinduzi aliambiwa arudi kwao, na huko kwao hakukujua hata kwa picha. Alipofika Maskati, huku nako wakamwita Mzanzibari. Siyasemi haya ili kumtetea. Nataka ijulikane tu kwamba maneno nitakayoyaeleza yaliwahi kumchoma yeye mwenyewe kabla hayajatoka kinywani mwake.

Ile hoteli kubwa ya Bustan ilikuwa ikitafuta madereva. Msimamizi wa magari alikuwa akimwona dereva wetu kila alfajiri, anavyoendesha kwa subira nyuma ya mtu mwenye magurudumu miguuni, akampenda. Akamwambia njoo kwetu: mshahara mzuri zaidi, chumba chake mwenyewe, na baada ya muda angesaidiwa kumleta mkewe. Kilichobaki ni karatasi moja tu. Kafili wake, yaani mwenyeji aliyemdhamini, naye ni baba, aandike kwamba hana pingamizi. Bila karatasi hiyo mfanyakazi hahami. Ama anabaki alipo, ama anarudi kwao. Dereva aliona haya kumkabili baba. Akamwomba Mfini amsemee.

Mfini alikuja kula kwetu Ijumaa, baada ya sala. Aliketi sakafuni kwa taabu na magoti yake ya kimichezo, na hata sinia halijaguswa akalitoa lililomleta.

"Dereva wenu ni mtu mwema," alisema. "Ana nafasi nzuri. Mwachieni aende."

Nilimfasiria baba kwa furaha. Nilimpenda sana Mfini dakika ile.

Baba hakukasirika, na laiti angekasirika. Alitabasamu, akachambua mnofu kwa vidole, akausogeza upande wa mgeni, kisha akaanza kusomesha.

"Mwambie huyu bwana, mwanangu, mimi nnamheshimu, lakini sisi hapa tuna utaratibu. Mtu anakuja kufanya kazi, kazi ikesha anakwenda zake kwao. Haoi hapa, hazai hapa, hazeeki hapa. Ukimlegezea mmoja, wallahi kesho wote wanataka kuwa wenye nyumba. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na jembe lenyewe si lake, la mwenye shamba. Mwambie."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa ufasaha, maana Kiingereza changu nilikuwa nakionea fahari, na baba yangu alikuwa baba yangu. Mfini aliacha kula. Akabisha: na mke wa huyu mtu je, na maisha yake? Baba akajibu kwa upole, nami nikaupeleka upole ule mzima mzima, bila kuudondosha hata kidogo. Ilipofika kahawa Mfini alikuwa anatikisa kichwa, akisema kwao watu wanaogopa kusema wazi namna hii. Methali aliipenda. Akaniomba nimfundishe kwa Kiswahili chenyewe, akairudia na kuirudia hadi ikamkaa mdomoni.

Niliinuka kwenda kuleta halwa. Dereva alikuwa jikoni, sahani yake mbele yake, na mlango baina yetu ulikuwa wazi.

Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya siri. Dukani tulishauriana bei kwa Kiswahili mbele ya Wahindi, na mbele ya Waarabu tuliwasengenya Waarabu, na hakuna aliyetushika. Mazoea yana taabu. Tulisahau kwamba ndani ya nyumba ile alikuwamo mtu mmoja aliyekulia lugha hiyo hiyo. Aliyasikia kwa baba, kisha akayasikia tena kwa Kiingereza, kwa sauti yangu mimi.

"Chakula kimekuwa kitamu sana, madam," alisema. "Asanteni."

Akaosha sahani yake mwenyewe, akaifunika juu ya nyenzake. Mimi nilisimama na bakuli la halwa mkononi, uso unaniwaka. Karatasi haikuandikwa. Alfajiri ya Jumamosi dereva akaenda Bustan na chupa za maji kama kawaida.

Mfini akarudi kwao, na baada ya miaka tukasikia ameingia kwenye siasa. Kisha tukasikia amekuwa mbunge. Baba alivimba kichwa. Kila barza aliyokaa alipenyeza "mshirika wangu, mbunge". Mimi nikawa namtafuta kwenye kompyuta ya ofisini, na siku moja nikayapata maneno yake. Alikuwa akizungumzia wageni wanaokwenda nchini kwake kutafuta kazi. Waje, wafanye kazi, warudi. Wasioe, wasizae, wasizeekee kwetu. Kila sentensi niliijua. Niliitengeneza mimi, pale kwenye sinia letu. Sikumwambia baba. Niliona aibu kwa ajili yake, na nikaona aibu kuiona.

Mfini alikuja tena Maskati na wafanyabiashara wenziwe, miaka ya elfu mbili imeshasonga, akatualika chakula cha mchana kwenye hoteli ile ile ya Bustan. Akasimama kuhutubia. Watu wananiita mwenye roho ngumu, alisema, lakini msimamo wangu nilijifunza hapa, kwa mzee mmoja mwadilifu, ambaye yeye mwenyewe alifukuzwa alikozaliwa na hakuwa na kinyongo. Ukumbi ukapiga makofi.

"Anasemaje?" baba akaniuliza.

Nikamfasiria yote sikioni, kwa Kiswahili, bila kupunguza. Baba alinitazama kama anayengoja niseme nimekosea. Mfini akamwashiria asimame. Mgeni akikusifu mbele za watu humwambii hapana, ndivyo tulivyolelewa. Baba akasimama, mkono kifuani, bakora mkono wa pili. Alipoketi aliisukuma sahani.

"Twende nyumbani," akasema.

Dereva alikuwa akitungoja kando ya gari, dereva yule yule, mvi zimemjaa kidevuni. Mfini akatufuata mbio, mbio bado anazo, akamkumbatia dereva na kumpigapiga mgongoni. Akamkumbusha zile alfajiri. Halafu, kwa furaha ya mtu anayetoa zawadi, akasema kwa Kiswahili, "Mgeni siku mbili! Siku ya tatu, mpe jembe!"

Dereva akacheka kwa adabu. "Ni kweli, bwana. Jembe bado ninalo."

Mfini akanigeukia, anangoja tafsiri.

"Anasema amefurahi kukuona," nikamwambia.

Siku hizo tulikuwa tumehamia Amerat, na njia ni ndefu. Baba alikaa nyuma pamoja nami, macho kwenye majabali. Tulipoanza kupanda mlima akakohoa.

"Weye," alimwita dereva, sauti haikuwa yake. "Ile kazi ya hoteli. Wanataka bado madereva? Maana nnaweza kukuandikia. Kesho, inshallah, nakuandikia."

Dereva alibadilisha gia kwanza.

"Asante, mzee. Lakini pale siku hizi wanachukua vijana."

Baba akasema, "Haya." Sikuthubutu kumtazama, na kioo cha mbele chenye macho ya dereva sikukitazama pia. Kwenye kona dereva alipunguza mwendo, taratibu, kama alivyokuwa akimpunguzia Mfini zamani, akauliza kama kiyoyozi kinampiga mzee, akizime.